UZI: Kubadilisha cheni na sproketi za piki mwenyewe nyumbani, Malindi na viunga vyake

Tandu_wa_Maweni

Salaam jamani. Haipiti wiki bila mtu kuingia humu kuuliza mbona cheni yake yalia, na jibu huwa lile lile: peleka kwa fundi. Fundi simkatai. Lakini kazi hii, mtu mwenye spana zake na kivuli cha mwembe aimaliza kabla ya adhuhuri, tena kwa utulivu ambao fundi wa kando ya barabara mwenye foleni ya wateja hana. Naiweka yote hapa. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Anza kwa kujua kama cheni imekwisha kweli. Bamba za cheni hazivutiki. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo, kidogo kidogo, na kwa kuwa viungo ni mia na ushei, ule ulikaji ukijumlishwa ndio unaona cheni imelegea na skrubu za kukazia zimefika mwisho. Piki nyingi za boda huku kwetu, hizi za cc 100 hadi 150, hutumia cheni ya saizi 428. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Basi chukua rula ya shule ya sentimita 30. Mtu avute cheni ya chini ikaze, wewe weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 20 mbele yake. Cheni mpya itasoma sentimita 25.4. Ikisoma 25.7 anza kuweka akiba. Ikisoma 25.9 hiyo imekwisha, usiihurumie.

Kipimo cha pili hakitaki hata rula: nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la tairi la nyuma, ishike cheni kwa vidole uivute kuelekea nyuma. Ikibanduka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Na uyaangalie meno yenyewe. Yakiwa yamelala upande mmoja au yamechongoka, hakuna haja ya kupima.

Hapa ndipo ninapogombana na wengi: mkinunua, nunueni seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Cheni iliyolika hupanda juu ya meno na kuyachonga yafanane na urefu wake mbaya. Ukiivika cheni mpya juu ya meno hayo, yatakaa kwenye viungo vichache tu badala ya kugawana mzigo, na cheni yako mpya italika haraka ajabu. Ulichookoa kwenye sproketi utakilipa kwenye cheni nyingine.

Dukani usiseme tu "nipe ya Boxer" au "nipe ya TVS". Hesabu meno ya mbele na ya nyuma, mara nyingi namba imepigwa chapa kwenye chuma chenyewe, na uhesabu viungo vya cheni. Herufi H baada ya 428 ina maana bamba zake ni nene zaidi. Kwa anayebeba watu, chukua hiyo. Sproketi ya nyuma ilinganishe matundu ya bolti, ya mbele ilinganishe tundu la katikati na ile ya zamani. Pakiti mbili zenye picha ya piki moja zaweza kuwa na vitu viwili tofauti ndani.

Sasa kazi. Piki kwenye stendi kubwa, gia huru, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, sio kwenye piki.

Kabla hujaigusa cheni, legeza vitu vigumu. Fungua kava ya upande wa kushoto inayofunika sproketi ya mbele. Piki nyingine itabidi utoe na pedali ya gia, basi tia alama kwa kalamu ilipokaa ili ukirudisha isiwe juu au chini. Humo ndani utakuta tope la oili na mchanga limejaa, likwangue kwa bisibisi. Utaona kibati kimeshikwa na bolti mbili ndogo. Mwenzako akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, wewe uzilegeze hizo bolti wakati cheni ingali imefungwa. Nati za sproketi ya nyuma nazo zinyooshee vibati vinavyozizuia zisilegee, kwa tindo na bisibisi, uzilegeze robo zamu hapo hapo. Ukishatoa cheni, hakuna kitu cha kuzuia, utabaki kuhangaika huku sproketi yazunguka.

Kisha klipu, ile inayofunga kiungo cha kuunganishia cheni. Plaisi, mguu mmoja kwenye pini na mwingine kwenye ncha wazi ya klipu, yatoka. Toa cheni. Legeza nati ya ekseli, fungua fimbo ya breki na mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke, chomoa ekseli, shusha tairi. Kuna piki ambazo tairi latoka lakini sproketi yabaki kwenye mkono wa piki, ule unaobeba tairi la nyuma, imeshikwa na nati yake kubwa. Usitumie nguvu kabla ya kuangalia yako ni ya aina gani.

Hapo tairi likiwa chini, kagua raba za ndani ya habu, kile kitovu cha tairi. Zikiwa zimelika, kila ukitia gia utasikia "kdo" kwa nyuma, na cheni mpya haitakuponya. Zungusha na beringi ya sproketi kwa kidole. Ikikwaruza, ibadilishe leo.

Sproketi mpya ya nyuma ifunge nati kwa kuvukana, sio kwa kufuatana, kisha ukunje vibati vya kuzuia nati. Ya mbele ifunge na kibati chake. Rudisha tairi, lisukume mbele mpaka mwisho ili upate nafasi. Cheni pitisha mbele kwanza, kisha ncha zote mbili zikutane juu ya meno ya sproketi ya nyuma. Meno yatakushikia ncha hizo na utaingiza kiungo bila kuvutana.

Klipu: upande uliofungika uelekee inakokwenda cheni. Cheni ya juu huenda mbele, kwa hiyo klipu ikiwa juu, mdomo wazi waangalia nyuma. Ikiwa chini ni kinyume. Hili lawachanganya watu kila siku kwa sababu wanaliangalia cheni ikiwa chini.

Kisha kukaza. Na hapa nitaandika kwa herufi kubwa ili nisiulizwe tena: CHENI HAIKAZWI IKAWA KAMA UZI WA UDI. Katikati ya cheni ya chini, ukiinyanyua na kuishusha kwa kidole, icheze. Piki nyingi za aina hii zataka milimita 25 hadi 35, kitabu chako au stika iliyo kwenye mkono wa piki itakuambia kamili. Zungusha tairi kwa mkono, upime sehemu kadhaa, na ufuate pale inapokaza zaidi. Alama za kulia na kushoto kwenye mkono wa piki ziwe sawa. Ukikaza ekseli pima tena, maana nati huvuta tairi.

Mwisho breki, kwa sababu tairi limehama kutoka lilipokuwa na fimbo yake si ile tena.

Dada_Boda_Muyeye

Shukrani kaka, mimi nilikuwa nasubiri mtu aandike hivi bila kutukanana. Swali langu: mimi nabeba abiria wawili na mzigo, asubuhi samaki, jioni mara nazi mara makaa. Fundi wetu wa steji huikaza mpaka haichezi, asema "wewe wabeba mzigo, lazima ikaze". Wewe wasema ilegee. Nimwamini nani?

MzeeSpana

Mwanangu, nitajibu mimi kwa sababu nimefungua injini nyingi zilizouawa na jambo hilo hilo.

Angalia sehemu tatu: shafti ya sproketi ya mbele, pale mkono wa piki unapofungwa kwenye fremu, na ekseli ya nyuma. Ukipanda na mzigo, shokomzoba zazama, mkono wa piki wapanda. Sehemu hizo tatu zikinyooka mstari mmoja, umbali kati ya sproketi mbili ndio mrefu kuliko wote. Cheni ambayo haichezi piki ikiwa tupu, hapo itakuwa yavuta shafti kama yataka kuing'oa. Inalika cheni, yalika beringi ya habu, kisha beringi ya shafti ndani ya injini. Oili ikianza kuvuja nyuma ya sproketi ya mbele, sili ya kuzuia oili imeshakwenda. Kuibadilisha beringi ya ndani ni kupasua injini nzima.

Kwa hiyo mwenye mzigo ndiye anayestahili kuilegeza zaidi, ndani ya kipimo cha kitabu. Kama kitabu chasema 25 hadi 35, wewe kaa kwenye 35. Ukitaka kuhakikisha, wakalishe watu wako wawili juu ya piki, uinamie, uiguse cheni. Lazima ibaki na mchezo kidogo.

Kulegea sana nako si kuzuri, isieleweke vibaya. Itapiga kava, itaruka meno, na ikichomoka ukiwa mbioni hujikusanya kwenye sproketi ya mbele na kupasua kifuniko cha injini. Lakini ya kulegea hukupigia kelele mapema. Ya kukaza huua kimya.

Na jambo ambalo Tandu amelipitia mbio: usisafishe wala kutia oili cheni injini ikiwa yanguruma na gia imeingia ili "izunguke yenyewe". Kitambaa hunaswa, kidole hufuata. Wako vijana mjini hapa wenye vidole pungufu kwa ajili hiyo. Gia huru, injini zima, zungusha tairi kwa mkono.

Mkaidi_wa_Barani

Mambo mengi haya. Sproketi ya nyuma mimi huigeuza tu, upande wa ndani uwe nje, meno yavutwe upande ambao haujalika. Cheni nanunua moja, sproketi zinakaa cheni mbili. Na oili ni ile ya kumwaga ya injini, bure kabisa. Piki yatembea. Nyinyi mwauziwa seti na wenye maduka.

Tandu_wa_Maweni

Kutembea yatembea, hata cheni iliyokwisha yatembea mpaka siku ikatike. Swali ni waibadilisha kila baada ya muda gani, hilo hujalisema.

MzeeSpana

Kugeuza si uongo kabisa. Sproketi iliyo bapa, isiyo na ukingo upande mmoja, yaweza kugeuzwa, na kama cheni na meno bado vina uhai itakusogeza kidogo. Lakini kuivika cheni mpya hapo ni kuitupa. Jino lililolika limepungua unene na mizizi yake imepanuka, hata ukiligeuza. Na sproketi ya mbele huwezi kuiponya kwa kugeuza, ina meno machache na kila jino lafanya kazi mara tatu ya la nyuma. Hiyo ndiyo ya kwanza kufa. Ukishindwa pesa kabisa, badilisha cheni na ya mbele, uje ya nyuma baadaye. Nusu shari.

Mkaidi_wa_Barani

Hapo sasa Mzee umesema. Ya mbele nitanunua.

Gongoni_Hadi_Mjini

Mimi nataka kuingilia hilo la oili ya kumwaga, maana njia yangu ni Gongoni, Mambrui, daraja la Sabaki, mpaka mjini, kila siku ya Mungu. Pande za Gongoni pana mashamba ya chumvi, malori yabeba, upepo wapiga. Mambrui pana mchanga wenyewe ule wa vilima, ukivuma kaskazi waingia barabarani. Cheni ya huku haifi kwa kilomita, yafa kwa kutu na msasa.

Oili ya kumwaga imeshabeba unga wa chuma kutoka kwenye injini, na ni nyepesi, yarukia rimu na shati la abiria kabla haijaingia ndani. Kinachobaki juu ni utando wa kukamatia mchanga. Grisi ndio mbaya zaidi. Wengi huipaka nene nje ya cheni wakidhani wamefanya jambo, kumbe haingii kwenye pini, na mchanga wote wa njia unakaa hapo.

Nitumiayo mimi ni oili ya giaboksi, namba 90. Vitabu vingi vya piki vyaitaja hiyo hiyo, 80 au 90. Naitia jioni nikirudi, cheni ikiwa bado ina joto, tone tone upande wa ndani wa cheni ya chini huku nazungusha tairi. Upande wa ndani kwa sababu ikizunguka oili husukumwa nje, kwa hiyo yapita katikati ya kiungo. Yalala usiku kucha, asubuhi napangusa ya juu kwa kitambaa mpaka ionekane kama kavu.

Na wenye visima vya maji ya chumvi, na hapa Malindi ni wengi, msioshee piki maji hayo kisha mkaiacha. Suuza kwa maji ya mfereji, kausha, tia oili siku hiyo hiyo.

Dada_Boda_Muyeye

Hilo la kisima limenigusa. Pale kwenye kuosha piki tunakotumia wengi ni maji ya kisima, na yaonja chumvi kabisa.

Mwana_Amu

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Malindi. Mimi niko huku Mokowe, Lamu ya bara, piki yangu ni ya ndia ya Hindi na Mpeketoni. Lami yapita barabara kuu, lakini ukishaacha barabara kuu ndia ni mtanga mtupu. Nimeletewa piki ya cc 200 na cheni yake ina viduara vyeusi vya raba kati ya bamba. Naisafisha kwa petroli kama tulivyozoea?

Tandu_wa_Maweni

Aleikum salaam shehe. Usitumie petroli! Hizo raba zafungia grisi iliyotiwa kiwandani ndani ya kila pini. Petroli huzikausha zikapasuka, grisi yatoka, na cheni uliyoilipia ghali yawa duni kuliko ya kawaida. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, usiilowekee, ipanguse tu. Brashi ya waya pia acha. Baada ya hapo oili ile ile ya 90, kazi yake ni kuzuia kutu na kulainisha raba.

Nyingi za aina hiyo hazina klipu, kiungo chake hufungwa kwa kupigwa kichwa cha pini kwa kifaa maalumu. Kama huna kifaa, hiyo ndiyo siku ya kumtafuta fundi. Kwa nyundo na bahati usijaribu.

Mwana_Amu

Yeo nimepata faida. Kule Amu (Lamu) kisiwani wenzetu wana punda, punda hahitaji namba 90.

Kijana_Kakuyuni

Waungwana, mimi nataka spidi. Yangu mbele ni meno 14 na nyuma 42. Nimeambiwa niweke 15 mbele itakimbia. Kweli?

MzeeSpana

Gawanya. 42 kwa 14 ni 3, injini yazungusha sproketi ya mbele mara tatu tairi lazunguka mara moja. 42 kwa 15 ni 2.8. Kwa mizunguko ile ile ya injini utakwenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 7. Lakini nguvu ya kuvuta itapungua kwa kiasi hicho hicho. Wewe wa Kakuyuni, una abiria wawili na gunia, mwanzo wa mlima utashusha gia ambayo zamani hukuishusha, na klachi yako itateseka kila ukiondoka. Spidi ya juu yenyewe huenda usiipate, maana injini ndogo haina nguvu za kufika huko. Kwa mtu wa mjini na lami tupu, mpaka Watamu na kurudi, peke yake, sawa. Kwako wewe bora 14, hata 13 nisingekucheka.

Na ukiweka 15 angalia kama kava yafunga bila kugusa cheni, na kama viungo vya cheni vyatosha. Saa ya spidi haitadanganya kwenye piki nyingi hizi, kebo yake yatoka tairi la mbele.

Kijana_Kakuyuni

Basi nabaki na 14. Cheni ya seti niliyonunua ni ndefu, viungo viwili zaidi ya ya zamani. Nikate vipi?

Tandu_wa_Maweni

Ilaze sambamba na ya zamani lakini usipime kwa urefu, hesabu viungo, maana ya zamani imeshaongezeka. Jumla iwe namba shufwa. Ncha zote mbili zitakazokutana ziwe ni viungo vyembamba, vya ndani, ndipo kile cha klipu kiingie. Weka alama kwa chaki kabla ya kukata, angalia mara ya pili. Kisha saga vichwa vya pini zote mbili za kiungo cha nje utakachokitoa kwa grenda mpaka viwe bapa na bamba, weka cheni juu ya nati kubwa, sukuma pini kwa tindo ya mviringo na nyundo. Usipige pini isiyosagwa, utapinda bamba la jirani.

Dada_Boda_Muyeye

Narudi na ripoti. Kazi tumeifanya mimi na mdogo wangu, uani. Sproketi ya mbele ilikuwa imechongoka kabisa. Sasa kuna mawili. Tairi la nyuma lazunguka kwa uzito, na nikiendesha pole pole nasikia "tiki tiki tiki" upande wa cheni.

MzeeSpana

Uzito huo ni breki. Mliporudisha fimbo ya breki, nati ya mwisho wake mmeikaza kupita kiasi. Ilegeze mpaka tairi lizunguke huru, kisha ukanyage pedali, ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika. Taa ya breki nayo iangalie, iwake ukikanyaga na izimike ukiachia.

Tiki tiki ni tairi halijanyooka, au kava yagusa. Kaa nyuma ya piki, uitazame cheni ya juu kutoka sproketi ya nyuma kwenda mbele, iwe mstari mmoja bila kukunja. Alama za kwenye mkono wa piki usiziamini sana kwa piki iliyowahi kuanguka. Pima kwa uzi kutoka pale mkono unapofungwa kwenye fremu hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto.

Dada_Boda_Muyeye

Kweli, kulia palikuwa mbele kama milimita nne, na hii piki niliinunua ikiwa imeshaanguka. Nimenyoosha, tiki tiki imekwisha. Breki nimeilegeza zamu mbili, lazunguka. Mchezo wa cheni nimeacha 35 na mdogo wangu na shangazi wamekaa juu, bado yacheza.

Tandu_wa_Maweni

Safi sana. Ukishapiga kilomita kama 300 hivi ikague tena, mpya hulegea kidogo ikijipanga, na nati za nyuma uzipitie spana. Na ile pini ndogo ya kukunja kwenye mkono wa breki, umeweka mpya?

Dada_Boda_Muyeye

Mpya. Ile ya zamani haikuwa pini, ulikuwa msumari. Nimeutupa.